Gitaa Lililopigwa Msasa

Alphonse ndiye aliyecheka kwanza, na kama angejizuia siku ile huenda haya yote yasingetokea. Lakini Alphonse hajawahi kujizuia. Mzee wa kanisa, mpiga kinanda wa korali, mtu wa kufika kwa watu kabla mzigo haujafunguliwa. Solange, msafiri aliyepewa mzigo, alipoingia na kasha jeusi refu alilolitoa Amerika, akalipitisha Kigoma, akavuka nalo ziwa mpaka mji wa Baraka akiwa amelikumbatia lisilowe, Alphonse alikuwa ameshakalia kiti kizuri cha sebuleni na chai mkononi.

Bonaventure alilifungua mwenyewe. Mkewe Pulchérie alisimama nyuma yake, na binti yao Arlette akashika simu apige picha. Kasha lilikuwa zuri mno, ngozi nje, manyoya mekundu ndani. Katikati ya manyoya hayo lililala gitaa la umeme lililochakaa. Rangi yake, ambayo zamani bila shaka ilikuwa ya maziwa, ilikuwa imegeuka njano. Pale mkono wa mpigaji unapoegemea, rangi ilikuwa imetoka yote, mbao ikabaki uchi. Mgongoni palikuwa pamejaa mikwaruzo. Juu kichwani, karibu na nyuzi, palikuwa na alama nyeusi ya moto, kana kwamba mtu alizoea kuchomeka sigara yake pale. Na pembeni, chini ya kifungo cha mkanda, palikuwa na shimo la kuingia ncha ya kidole gumba.

"Kumbe na kule Amerika bananunua chagua," Alphonse akasema, akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani.

Chagua ni zile nguo za mitumba zinazomwagwa chini sokoni, kila mtu akainama akafukua. Solange akajaribu kueleza. Alisema Patrice, mtoto wao aliyeko kule, alimkabidhi kasha kwa mikono miwili, akamwambia alitunze kama yai, kwamba mzee mmoja mgonjwa ambaye Patrice anamhudumia kule ndiye aliyempa, na yeye Patrice akaona bora liende kwa korali ya wazazi wake. Zaidi ya hapo Solange hakujua kitu. Bonaventure hakumsikiliza. Alikuwa anakumbuka Jumapili iliyopita, jinsi alivyosimama mbele ya kanisa zima, koti limefungwa vifungo vyote, akatangaza kwamba mtoto wake ametuma gitaa jipya kabisa, jipya la kutoka kiwandani. Hakuna aliyemwambia ni jipya. Neno lilimtoka tu, lilikuwa tamu mdomoni.

Akafunga kasha. Akamwambia Alphonse kwamba hilo ni vumbi la safari tu, na Alphonse akaitikia ndiyo, ndiyo, vumbi, huku akitafuta kofia yake. Kabla jua halijaelekea upande wa milima, mama wawili wa korali walikuwa wamepita kumsalimia Pulchérie, jambo ambalo hawakuwa na desturi nalo, wakiangaza macho pembe zote za nyumba.

*

Bonaventure ni seremala. Mimbari ya kanisa ni kazi yake, mabenchi ni kazi yake, milango ya nusu ya mtaa ni kazi yake. Anajulikana kwa jambo moja: kitu kikitoka kwake, unaweza kukitumia kunyolea ndevu, uso wako unauona mle ndani. Mtu akimletea kabati lililoliwa na panya, analirudisha likiwa kama la bibi harusi. Hajui njia nyingine ya kuheshimu mbao.

Kwa hiyo alifanya anachokijua. Alitoa nyuzi na vyuma vyote, akavipanga juu ya gazeti. Arlette akaja kusimama mlangoni pa atelye, karakana ya baba yake.

"Papa, si umuulize Patrice kwanza?"

"Nimuulize nini? Nimuambie kitu yake imezeeka? Atasikia haya kule eko, mutoto wa watu."

Alisema hivyo na aliamini anasema kweli. Binadamu bwana. Haya ilikuwa yake mwenyewe, imemkaa kifuani tangu Alphonse acheke, na yeye akaivika jina la mwanawe.

Alianza na lile shimo la pembeni, kwa kuwa ndilo lililomkera kuliko yote. Alichanganya unga wa mbao na gundi, akalijaza, akalikandamiza kwa kidole, likakauka, akalisawazisha hata ukipapasa kwa ulimi usingejua kwamba palikuwa na kitu. Akaridhika, akapiga mluzi. Kisha akashika msasa. Njano ikatoka, mikwaruzo ikatoka, alama ya sigara ikatoka, vumbi likamjaa nyusi. Akapaka rangi nyekundu-kahawia, ile ile ya mimbari, ili vitu viwili vya nyumba ya Mungu vifanane, halafu vanishi juu ya vanishi mpaka gitaa likaanza kung'aa. Pulchérie alipoletewa aone, alijitazama mle, akarekebisha kilemba chake. Wote wakacheka. Ilikuwa furaha ya kweli, tusiwanyime.

*

Pale kwao zawadi kubwa haikabidhiwi ofisini. Inaingia kwa mlango mkubwa, imefunikwa kitenge kipya, imebebwa na mama wa mtoaji, na watu wa ukoo wanaisindikiza wakicheza hadi mbele ya mimbari. Hapo ndipo inafunuliwa, watu waone. Pulchérie alilibeba gitaa kichwani kama anavyobeba beseni la ndagala, dagaa wa ziwani, shingo imenyooka, mikono haigusi. Kwa heshima ya Amerika korali iliimba wimbo wa Kiingereza ambao Arlette aliwafundisha, aliojifunza kambini Nyarugusu walipokuwa wakimbizi. Waimbaji wengi hawakujua wanasema nini. Bonaventure alijua neno moja tu, fadha, kwa sababu lilirudi kila mstari na Arlette alimwambia maana yake ni papa.

Kitenge kikatolewa. Kanisa likapiga vigelegele hadi mbwa wa jirani wakabweka. Alphonse alipiga makofi pamoja na wengine, taratibu, akilikodolea macho gitaa kama mtu aliyekutana na marehemu sokoni.

Jioni Bonaventure akamtumia mwanawe sauti kwenye simu. Alimwambia gitaa limefika, kanisa limefurahi, kila mtu alilisifu tangu lilipofunguliwa, hakuna aliyetia neno. Kuhusu msasa hakusema. Patrice alijibu kwa sauti iliyojaa kicheko. Alisema alikuwa na wasiwasi kidogo wasije wakaona ni kitu cha zamani. "Hapana," Bonaventure akajibu, "sisi tuliona uzuri wake palepale."

*

Siku aliyopiga simu Patrice mwenyewe, sauti yake haikuwa na kicheko. Yule mzee ambaye Patrice alikuwa akimwogesha na kumlisha alikuwa amefariki. Binti wa mzee amekuja kuhamisha vitu vya nyumba, amefungua kabati, gitaa hakuna. Mzee alimpa Patrice kwa mkono wake, chumbani, wakiwa wawili tu, na kampuni inayomwajiri hairuhusu mfanyakazi kupokea zawadi ya mgonjwa. Patrice hakulijua hilo vizuri, au alilijua na mzee akamlilia mpaka akashindwa kukataa. Sasa amesimamishwa kazi. Yule binti amesema gitaa likirudi jinsi lilivyokuwa, atanyamaza. Lisiporudi, atakwenda polisi, na mtu mwenye kesi ya wizi asahau makaratasi ya uraia. Patrice ana mke kule, na mtoto anayetambaa.

Bonaventure akauliza ni gitaa gani hilo la kumpeleka mtu polisi.

"Papa, kuko muzungu mumoja alikuwa anapiga muziki ya roki, jina kubwa sana, alishakufa. Gitare yake ilikuwa imechakaa hivyo. Kiwanda ikatengeneza zingine za kufanana nayo, chache tu kwa dunia muzima. Mafundi walikaa wakakwaruza moja moja, kama ile yake."

"Wakakwaruza kwa makusudi?"

"Kwa makusudi. Hata ile ya sigara. Ni ile mikwaruzo watu wananunua, papa. Ukiitoa, inabakia mbao tu. Bei yake unaweza kununua gari." Kisha akauliza: "Iko muzima?"

Pulchérie alikuwa amekaa karibu, anasikia kila kitu. Alifunika mdomo kwa upindo wa kitenge. Bonaventure aliangalia ukutani, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kuangalia.

"Iko muzima," akasema.

Simu ilipokatika, Pulchérie alimwambia ampigie tena mtoto, amwambie sasa hivi, kwa kuwa jambo hili litaoza. Hakupaza sauti. Bonaventure akamjibu kwamba kilichofanywa na mikono, mikono itakirudisha, na kwamba yeye ni fundi, si mpishi. Maneno ya mwisho hayakuwa na maana yoyote, aliyasema kwa kuwa alitaka kusema kitu cha kuumiza.

*

Kwanza ilibidi alirudishe gitaa kutoka kanisani. Jaribu wewe kwenda kuomba zawadi uliyoipigia vigelegele. Alimwambia mchungaji kuna chuma kimoja kimelegea, akitengeneze. Mchungaji akamwamini, na hilo ndilo lililomchoma. Aliondoka nalo kwa mlango wa nyuma, halina kitenge, halina wimbo, amelikumbatia kifuani.

Picha za Arlette za siku ile zilionyesha kasha tu, hivyo akamtafutia nyingine mtandaoni. Zilikuwapo nyingi, za magitaa ya aina ileile yanayouzwa na watu wa nchi mbalimbali, na Bonaventure alizitazama akatikisa kichwa. Yote yalikuwa na majeraha yaleyale mahali palepale. Mkwaruzo mrefu wa mgongoni ulipinda upande uleule kwa kila moja. Moto wa sigara ulikuwa uleule. Akaona kumbe inawezekana, kama kuchora ua la kabati kwa kufuata la kwanza.

Akakwangua wekundu wote. Akapaka rangi ya maziwa, akaichanganya na majani ya chai ili ipate unjano. Akachubua pa kuchubua, akakwaruza kwa spoki ya baiskeli, akapigapiga kwa mnyororo, kila mara akirudi kwenye picha. Lile shimo la pembeni alilolijaza siku ya kwanza hakulihangaikia, maana kwenye picha zote pembeni palikuwa laini. Mtu aliyezoea kupitisha kiganja atafute penye kukwama, sasa alikuwa anapitisha kiganja ahakikishe panakwama. Machozi yalimlenga mara moja au mbili, na alisema ni vumbi, ijapokuwa hapakuwa na mtu wa kuambiwa.

Ikabaki alama ya sigara. Alijaribu kwa kaa la jiko, ikatoka doa kubwa, akapaka upya. Akajaribu kwa msumari wa moto, ikatoka tundu. Hapana, sigara inataka sigara. Basi mzee wa kanisa Bonaventure, ambaye aliwahi kumsimamisha kijana mmoja wa korali kwa kuvuta, akatoka nyumbani mchana kweupe akaenda kwenye kioski cha njiapanda. Alingoja watu wapungue. Hawakupungua. Mwishowe akainama kwenye dirisha akaomba sigara moja, ya rejareja, kwa sauti ya mtu anayeomba dawa ya ugonjwa wa aibu.

"Na kiberiti, papa?" muuzaji akauliza, kwa nguvu, bila nia mbaya.

Nyuma yake alisimama mmoja wa wale mama wa korali, ana chupa ya kuwekea mafuta ya kupikia. Alimsalimia vizuri sana, kwa heshima zote, akamuulizia mama Patrice na nyumba nzima. Bonaventure akajibu salama, sigara imefichwa ndani ya ngumi. Kule atelye, ili moto ushike, ilibidi aivute kidogo. Alikohoa vibaya. Pulchérie aliyesikia kikohozi alikuja, akamkuta mumewe amekaa juu ya benchi, gitaa mapajani, moshi unamtoka puani. Akamfungulia dirisha, akarudi jikoni. Angemtukana ingekuwa afadhali.

*

Binti wa mzee hakutaka picha. Alitaka kuliona gitaa kwenye simu, likishikwa na kugeuzwa, kabla halijasafirishwa. Wakapanga saa ambayo kule ni asubuhi na Baraka mtandao haujachoka. Arlette akaegemeza simu kwenye birika mezani.

Na Alphonse akafika. Wazee wa kanisa walikuwa wamemtuma, alisema, kwa ajili ya mambo mawili: korali inafanya mazoezi na gitaa halijarudi, halafu kuna maneno kidogo mtaani kuhusu sigara. Alipoona simu imeshawaka na uso wa mzungu ndani, akaketi kwenye kiti chake kilekile. Hakuna aliyepata nafasi ya kumtoa.

Patrice alionekana upande mmoja wa kioo, amekonda. Upande wa pili alikuwa mwanamke mwenye nywele fupi na macho yaliyovimba, mtu aliyefiwa kama wafiwa wengine. Bonaventure aliinua gitaa. Aliligeuza mbele, nyuma, kichwani. Mwanamke alisogea karibu, akawa anaitikia kwa kichwa. Hata Alphonse alitoa macho, maana alikuwa anaona tena kile kitu alichokicheka. Bonaventure akaligeuza tena bila kuambiwa.

Kisha mwanamke akasema jambo, na Patrice akatafsiri. Anaomba aone pembeni, chini ya kifungo cha mkanda. Kuko shimo pale. Alipokuwa msichana aliliangusha gitaa la baba yake kwenye ngazi, akakaa chumbani analia, na baba yake akamwambia sasa ndiyo limekuwa la kwao, maana yale mengine yote majeraha yake ni ya mtu mwingine.

Bonaventure akageuza ule upande. Palikuwa laini.

Mwanamke akaangalia. Akasema neno moja fupi, halafu mengine mengi, haraka, na uso wa Patrice ukaanza kubadilika.

"Papa. Anasema hii siyo yenyewe. Anasema nimeuza ya baba yake, nimetafuta ingine ya kumudanganya." Akaisogelea simu. "Niambie tu ukweli. Iko wapi?"

Pulchérie hakumtazama mumewe, alitazama mikono yake mwenyewe. Bonaventure akaanza kusema. Alisema gitaa ni lilelile. Alisema siku lilipofika alilipiga msasa lote, akajaza shimo, akapaka rangi ya mimbari. Alisema Patrice alipopiga simu alimdanganya, akalikwaruza upya kwa kufuata picha. Alisema yote, na Alphonse akiwa palepale, amekishika kikombe ambacho hakikuwa na kitu.

Patrice alisikiliza hadi mwisho. Halafu akageuka kwa yule mwanamke akaongea Kiingereza, taratibu, macho chini. Mwanamke akakunja uso, akamuuliza, Patrice akajibu tena, akajigusa kifuani.

Arlette alikuwa anaelewa. Bonaventure aliona jinsi binti yake alivyoinamisha kichwa, na yeye mwenyewe, asiyejua Kiingereza, alikuwa amekaa anasubiri neno moja. Katika maneno yote yale, fadha halikutoka hata mara moja. Mtoto alikuwa amejibebesha. Alikuwa anasema ni yeye aliyeliharibu.

Bonaventure akaichukua simu kutoka kwenye birika, akaisogeza mpaka uso wake ukajaa kioo.

"Fadha," akasema. Akajipiga kifua. "Mi. Fadha." Akanyoosha mkono wa kulia juu ya gitaa akausugua huku na huku, huku na huku, kama anapiga msasa, mzee mzima na mvi zake, akimwonyesha mwanamke wa watu kama mtu anayemwonyesha mtoto mchanga. Kisha akampa Arlette simu aishike, akatoa patasi mfukoni. Aliingiza ncha pale pembeni palipo laini, akasukuma. Kipande cha unga na gundi kikaruka kizima, kikaanguka mezani. Chini yake shimo likaonekana, jeusi, na rangi ya kale pembezoni.

Mwanamke aliweka mkono mdomoni. Alilitazama shimo kwa muda mrefu. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imeshuka. Patrice akatafsiri kwamba ameliona, ndilo lenyewe, lirudishwe hivyohivyo na lisiguswe tena, naye ataiambia kampuni limepatikana. Halafu akaongeza swali.

"Anauliza juu ya nini ulifanya vile."

Angeweza kusema alitaka lipendeze kwa ajili ya kanisa. Isingekuwa uongo. Alphonse mwenyewe, mwenye kuchekesha watu, alikuwa amekunja midomo anatazama viatu vyake, kama anayeomba jibu liwe hilo.

"Mwambie nilisikia haya," Bonaventure akasema. "Kitu wewe ulituma, mi nilikisikia haya mbele ya watu."

Patrice hakutafsiri upesi. Aliangalia pembeni, mahali ambapo huko kwao Baraka hawakuweza kupaona. Baadaye akasema, maneno machache tu, na safari hii fadha lilikuwemo. Mwanamke akaitikia kwa kichwa, akaaga, akatoweka kwenye kioo. Akabaki Patrice peke yake.

"Na ile siku ulisema watu wote waliipenda tangu inafunguliwa?"

"Hapana. Walicheka."

"Na wewe?"

Bonaventure akaweka patasi chini. Kipande cha gundi kilikuwa mezani mbele yake, kimebeba umbo la lile shimo.

"Sawa, papa," Patrice akasema. "Usalimie mama."

Pulchérie alikuwa amekaa pale pale ubavuni mwa mumewe, uso wake wote unaonekana kwenye simu, na tayari alikuwa ameinua mkono kumpungia mwanawe simu ilipokatika.